Saini ya stika hapana, nipeni Bob Feller

Mwezi wa tatu 2025 kadi ya besiboli (zile za picha za wachezaji ambazo watu wanakusanya) ya Paul Skenes, pitcha, yaani mrusha mpira, wa timu ya Pittsburgh Pirates, iliuzwa mnadani dola milioni 1.11, ipo moja tu duniani, ina saini yake na kile kibandiko alichovaa kwenye jezi mechi yake ya kwanza ligi kuu, na aliyeitoa kwenye pakiti ni dogo wa miaka 11 huko California. Hongera zake. Ila mi mkinipa hela ninunue saini ya pitcha naenda kwa pitcha wa zamani Bob Feller, tena kwa dola chache tu, na chenji inabaki.

Feller kacheza timu ya Cleveland tu maisha yake yote, kashinda mechi 266, na zingekuwa nyingi zaidi kama asingeacha mpira Desemba 1941 Japani ilipoipiga kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, akaenda jeshi la majini, akapigana kwenye meli ya USS Alabama. Mzee alimsainia kila mtu hadi anafariki 2010, mpaka wakusanyaji wanataniana kwamba kadi adimu ya Feller ni ile isiyo na saini. Na jina unalisoma lote, herufi kwa herufi, mara nyingi chini yake kaongeza HOF 62, mwaka alioingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli. Vijana wa sasa ni herufi moja na mkwaruzo, basi.

Wafanyeje lakini, kampuni ya kadi inawatumia mashiti ya stika, wanasaini rundo zima, stika zinarudi kiwandani zinabandikwa kwenye kadi ambayo mchezaji mwenyewe hata hajaigusa. Yaani hapo umenunua stika!

Kinachonikera kuliko vyote ni zile saini za kukatwa. Cy Young, pitcha wa zamani mwenye ushindi 511, kafariki 1955, hasaini tena, kwa hiyo inatafutwa barua yake au hundi ya zamani, wanakata kipande chenye jina wanakitumbukiza kwenye kadi mpya. Karatasi imesalimika miongo yote hiyo kwenye droo za watu halafu inakuja kufia kwenye mkasi, jamani!

Mtasema saini ya kwenye pakiti angalau si feki. Sawa, FBI kwenye ule msako wa saini feki, Operation Bullpen, walinasa mtandao wa kughushi uliokuwa unauza hadi mipira ya besiboli yenye saini, eti, ya Mama Teresa. Ila kumghushi Feller faida iko wapi? Ukiwapelekea PSA, kampuni ya kuhakiki saini, waihakiki, ada yao inaweza kuzidi bei ya kadi.

Ukinunua saini ya Feller, chukua iliyo kwenye karatasi isiyong'aa, wino unashika vizuri, hizi za kung'aa wino unajikusanya vitone mpaka watu wanazisugua na poda ya mtoto kabla ya kusainiwa. Na iwe peni ya bluu, maana picha zake nyingi ni nyeusi na nyeupe, wino mweusi unapotelea humo humo.