Huyu Mbona Hafi?

Idi pili, nyumbani kwa dada Chumbageni, Tanga, tumeshiba pilau, feni inajizungusha kwa kujivuta, nikaweka Uncharted, ile muvi ya 2022 iliyotokana na gemu. Muvi ndiyo kwanza inaanza, Tom Holland ananing'inia nje ya ndege pamoja na makasha ya mizigo, namwona mpwa wangu wa kidato cha pili vidole vinamcheza juu ya mto wa kochi. Pedi ya kuchezea gemu hana. Kidole gumba cha kulia kinakandamiza kitambaa tu. Holland akaruka, akadaka, akapona. Dogo akaachia msonyo mrefu.

"Mjomba, mimi hapo nimekufa mara kumi na moja. Huyu mbona hafi?"

Swali hilo nimekaa nalo wiki nzima, maana kijiweni vijana wameshafunga mjadala: muvi za gemu siku hizi zinafaulu, tazama pesa. Haya, pesa. Super Mario ya 1993 ilianguka vibaya, ya 2023 ikazoa zaidi ya dola bilioni 1.3. Minecraft ya 2025 ikapita milioni 900. Nimesikia. Ila tangu lini sisi watu wa Tanga tukawa wahasibu wa Hollywood? Hapa muvi unaingiziwa kwenye flashi, na kijana anayekuingizia ndiye mwenye hesabu ya kweli. Anajua ipi mtu anarudi nayo kesho yake: "Hii futa, niwekee nyingine."

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha gemu, Ngamiani. Tekken 3, gemu ya kupigana, televisheni ya inchi kumi na nne, benchi moja la mbao, ukifungwa unapisha. Pedi ya pili duara lake lilikuwa halishiki mpaka ulikandamize kwa ukucha. Na bado tuligombania kumchukua mpiganaji anayeitwa Eddy Gordo, kwa sababu Eddy hata asiyejua kitu akibonyeza eksi na duara ovyo ovyo anamlaza bingwa wa mtaa. Siku nilipomfunga kaka mmoja wa sekondari, mtu ndevu zinamuota, mbele ya benchi zima, nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Kesho yake akanichapa tatu bila. Nililala na njaa, si kwamba chakula hakikuwepo.

Sasa niambie, kitu hicho unakiweka wapi kwenye muvi? Tekken nayo ilitengenezewa muvi yake. Heihachi, yule mzee wa kwenye gemu, yumo, kachezwa na Cary-Hiroyuki Tagawa, yule yule Shang Tsung wa Mortal Kombat ya 1995. Eddy yumo. Mateke yamo. Lakini anayepigwa si mimi, anayeaibika si mimi, na benchi hakuna. Gemu inakufunga wewe mwenyewe. Muvi inamfunga mtu mwingine halafu inataka uumie wewe. Huwezi kuumia kwa ajili ya mtu usiyemjua, na kumjulisha mtu ni kazi, na kazi hiyo ndiyo wanayoikimbia. Wanaleta nguo za kwenye gemu, silaha za kwenye gemu, hadi muziki, wanaona wamemaliza. Kanzu, joho na kilemba vimefika, bwana harusi hayupo.

Mario ya 2023, haya, watoto wa dada waliipenda, wakaruka mpaka kochi likavunjika mguu. Nakubali. Ila Mario hata kwenye gemu yenyewe hana kisa cha maana, sasa wangeharibu nini? Na Sonic wale waliona watu wamechachamaa mwaka 2019 kwa yale meno yake ya kibinadamu kwenye trela, wakamchora upya. Heshima yao.

Lakini nikitaka kumwonyesha mtu kazi, namwonyesha The Last of Us. Ni tamthilia, najua, msinianze. Kwenye gemu ya 2013 unamchezesha Sarah, binti mdogo, dakika chache, unamtembeza ndani ya nyumba usiku, mara dunia imeharibika. Mwaka 2023 HBO, televisheni ya Marekani, wakajua mkononi hatuna pedi, wakatulipa fidia: wakatupa siku yake nzima. Anamkaangia baba yake mayai. Anaichukua saa mbovu ya baba kimyakimya, anapanda basi, anaenda nayo mjini kwa fundi. Hakuna bunduki wala anayemkimbiza. Unamtazama mtoto anasubiri saa itengenezwe, na wewe umeshanasa.

Basi jioni ile Uncharted nikaitoa, nikamwekea dogo hiyo. Gemu yake alishaimaliza, kwa hiyo mwisho wa Sarah anaujua. Mwanzoni vidole vilicheza kidogo juu ya mto, halafu vikatulia. Ilipofika pale kwa yule askari na bunduki yake, akaomba nisimamishe, anakwenda kunywa maji. Alikaa huko jikoni hadi dada akamwita. Aliporudi hakuketi, akasimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mjomba," akasema, "na ile saa alikuwa ameshaitengeneza."