Mfungo wa saa 16 na fizi zinazotoka damu

Kaa na watu wanaopunguza uzito, haupiti muda utasikia habari za kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8: mlo wa kwanza saa 6 mchana, wa mwisho saa 2 usiku, nje ya hapo maji au kahawa chungu. Sasa baadhi yao wanadai hata fizi zinapona. Wanaowapinga wanasema kinywa kikavu huzalisha maradhi. Kila upande una ukweli wake, ila uzito haulingani.

Fizi huanza kuugua kwa sababu ya ukoga, ule utando laini wa vijidudu kwenye shina la jino. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe aliwaomba watu 12 waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, zikapona. Lakini vijidudu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni jinsi mwili unavyopambana nao, na hapa ndipo watetezi wa mfungo wana hoja. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huumwa fizi zaidi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Kwa hiyo mfungo ukikupunguzia uzito na sukari, si ajabu fizi zikatulia.

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2009 ambalo mimi hulikumbuka kila mjadala huu unapozuka. Watu 10 nchini Uswisi waliishi wiki nne kama watu wa Zama za Mawe, bila mswaki wala sukari ya dukani. Ukoga uliongezeka, lakini fizi zilizotoka damu zikapungua. Watu 10 ni wachache, najua. Hata hivyo hawakuwa wamefunga; walikula nafaka zisizokobolewa, nyama, maziwa, hata asali. Kilichobadilika ni chakula chenyewe, si saa ya kula.

Hoja ya ukavu nayo ina mipaka. Kutafuna huchochea mate, na mate huosha kinywa, hivyo asiyekula huwa na mate machache. Anayefunga saa 16 huku akinywa maji hana sababu kubwa ya kuogopa. Ramadhani ni jambo jingine: kwetu pwani ni saa 13 na ushei bila hata tone. Tena madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanaona ni karaha kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Wapo wanazuoni wanaoruhusu. Kwa fizi, lakini, mswaki wa baada ya futari na baada ya daku unatosha kabisa, na hauna mgogoro na yeyote. (Ile harufu ya mfungaji kwa sehemu hutoka mapafuni mwili unapochoma mafuta, mswaki hauiondoi, wala si dalili ya fizi kuugua.)

Ninachokikataa ni dhana kwamba mfungo huwaua vijidudu kwa njaa. Wale wanaokaa ndani kabisa, kati ya fizi na jino, hawangoji chapati yako. Hujilisha protini za majimaji na damu inayovuja kwenye fizi iliyovimba. Kadiri fizi inavyoumwa ndivyo meza yao inavyojaa, uwe umefunga au umeshiba.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza kuhusu zile saa 8 za kula. Anayefungua kwa juisi ya sukari na kaimati zilizolowa shira, akamalizia kwa chai tamu na kulala bila kusukutua, analala wakati mate yapo chini kuliko saa zote. Hapo faida ya mfungo sioni itatokea wapi. Na anayesema fizi zimeacha kutoka damu tangu aanze kufunga, namwamini, ila apitishe ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Akikuta ugaga mgumu, yaani ukoga uliogeuka kama jiwe, huo haukwanguliwi na njaa. Ni kazi ya daktari wa meno.