Mbwa Kapata Ajira, Mimi Bado Nangoja Kupigiwa Simu

Jamani, mimi sina chuki na mbwa. Nasema mapema kabisa, maana mtaani kwetu maneno hayachelewi kugeuzwa. Lakini huyu wa Simon's Town, kule Afrika Kusini karibu na Cape Town, ananikera, na alishakufa tangu 1944.

Jina lake Just Nuisance, yaani Kero Tupu. Jibwa la aina ya Great Dane, lilikuwa likijilaza kwenye daraja la kupandia meli mpaka mabaharia wa Kiingereza hawapati pa kupita. Wakalipenda.

Sasa tuje kwenye usafiri. Mimi nikipungukiwa shilingi mia, konda ananitangaza daladala zima, hata wa siti ya nyuma wanajua hali yangu ya uchumi. Mwenzangu alikuwa akipanda treni ya Cape Town na mabaharia bila tiketi, anajinyoosha kwenye viti. Akishushwa, anangoja treni inayofuata. Na abiria wanajitolea kumlipia! Mimi abiria wa pembeni yangu hata kusogea kidogo hataki.

Watu wa reli wakachoka: azuiwe au alipiwe nauli, la sivyo auawe. Mabaharia wakaandika barua kwa wakubwa wao. Wakubwa wakafanyaje? Wakamwajiri! Agosti 25, 1939, mbwa wa miaka miwili kaingia Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Uingereza, na askari anasafiri bure. Hakuna aliyemuuliza uzoefu wa miaka mitano.

Fomu ikajazwa. Jina la kwanza: Just. Taaluma: mvunja mifupa. Dini: mdoezi. Ikapita! Mimi cheti cha kuzaliwa kimezidi herufi moja tu kuliko cha shule, nimeambiwa nikaape kwa wakili, na wakili naye anataka hela ya kuapishia. Halafu mbwa akapandishwa cheo ili apate mgao wa chakula. Baharini hakwenda hata siku moja. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwasindikiza mabaharia waliolewa warudi kambini, kazi ambayo mimi namfanyia shemeji kila mwisho wa mwezi, bila cheo.

Alipokufa, Aprili 1, 1944, siku ileile aliyotimiza miaka saba, kesho yake alifunikwa bendera ya jeshi akazikwa kwa heshima zote. Mwaka 1985 wakamsimamishia sanamu kwenye uwanja wa Jubilee Square, hukohuko Simon's Town, na mpaka leo wageni wanapanga foleni kupiga naye picha. Sisi huku kamati ya msiba inakaa hadi saa nane usiku ikibishana nani hajatoa mchango, na marehemu anasikiliza.

Na msidhani alikuwa malaika. Faili lake la makosa lipo. Kusafiri bila kibali. Kupoteza mkanda wa shingoni. Kugoma kutoka baa muda wa kufunga ulipofika. Siku moja akakutwa amelala kitandani kwenye bweni la wakubwa zake. Akasomewa shitaka, akahukumiwa. Adhabu? Kunyimwa mifupa siku saba.

Siku saba! Mimi mfupa mara ya mwisho niliuona sikukuu, tena kwenye sahani ya jirani, na sijalala kitanda cha bosi yeyote.