Tunaomba lenzi kubwa, na kazi zetu zinataka ndogo

Kila kampuni ya kamera inapokaribia kutangaza bidhaa mpya, wapigapicha huketi wakaandika orodha za lenzi wanazotamani zitengenezwe, na orodha hizo, ziwe zimeandikwa Tokyo, Berlin au hapa kwetu Mombasa, hufanana mno. Utakuta themanini na tano, yaani lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 85 (namba hii ikiwa kubwa lenzi huvuta karibu, ikiwa ndogo huona pana), yenye tundu la f/1.2 (namba ya f ikipungua, tundu huwa pana na mwanga huingia mwingi), hamsini yenye f/1.2 au chini zaidi, sabini kwa mia mbili yenye f/2, ambayo ni zumu, yaani lenzi inayobadili urefu wake wa fokasi, na zumu nyingine moja itakayofanya kazi ya zote hizo bila kupoteza mwanga. Baadhi ya orodha nilizosoma zimeandikwa na vijana ninaofanya nao kazi za harusi, ambao kamera zao ni za sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya aina ya APS-C na ambao flashi ya pili huwabidi waikodi. Maoni yangu ni kwamba orodha hizi hazitokani na kazi tunayoifanya bali zinatokana na kutazama mikoba ya watu wengine, na matokeo yake ni kwamba lenzi ambazo zingetufaa sisi wa pwani hazina anayeziomba.

Nianze na uzito, kwa kuwa hapo fizikia haibembelezeki. Namba ya tundu hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa upana wa tundu kama linavyoonekana ukiitazama lenzi kwa mbele. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 inahitaji tundu la upana wa milimita 47 hivi; ukitaka f/1.2, upana huo unafika milimita 71, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo. Ndiyo maana Canon EF 85mm f/1.8 ya mwaka 1992 ina gramu 425, ilhali RF 85mm f/1.2L ya mwaka 2019 ina gramu 1195. Mwaka huohuo Nikon ilikwenda mbali zaidi kwa kutoa Noct ya 58mm f/0.95, yenye uzito wa kilo 2, ambayo haina hata fokasi ya otomatiki, kwa hivyo mpigapicha huzungusha pete kwa mkono wake. Ni uhandisi wa kustahiwa, nami ningefurahi kuishika kwa dakika chache, ila sijui ningeipeleka katika shughuli gani.

Uzito huo ungevumilika kama faida yake ingeonekana kwenye picha tunazolipwa. Fikiria kupamba, ambayo ni shughuli ya wanawake pekee na ndiyo riziki kubwa ya wapigapicha wa kike wa mji huu. Biharusi ameketi jukwaani na hina imempanda mpaka viwiko, dhahabu imejaa kifuani, gauni lina vipande vinavyomeremeta, na ubavuni mwake mama, shangazi na makungwi wanapokezana kupiga picha naye. Ukisimama mita 2 mbele yake na lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya sensa kubwa, ukafungua tundu mpaka f/1.2, sehemu itakayokuwa wazi ina kina cha sentimita 4 hivi. Jicho litakuwa wazi, kipuli cha sikio kitakuwa kimekwisha kuyeyuka, na shangazi aliyesimama nyuma ya kiti atakuwa rangi tu. Wateja wetu hawalipii rangi. Nimemsikia mama mmoja akimwambia mpigapicha, kwa upole kabisa, "Mwanangu, picha ni nzuri, lakini hapa mimi niko wapi?" Kazi hii hufanywa kwa f/4 au f/5.6, flashi ikielekezwa darini kama dari ni nyeupe, na sensa za leo hazilalamiki ukipandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, hadi 3200. Tundu la f/2.8 linatosha kwa zile dakika chache ambazo taa huzimwa na biharusi kuingia.

Tatizo letu kubwa zaidi ni nafasi, na hapa ndipo ninaposhangaa kwamba hakuna anayepiga kelele. Mji wa Kale ulijengwa kwa ajili ya watu wa miguu, na ukipita vichochoro vilivyo nyuma ya Ndia Kuu utaona pahali ambapo watu wawili wenye mizigo hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Tuseme unataka kupiga picha mlango wa nakshi wenye kimo cha mita 3 ukihesabu na kizingiti cha juu chenye maandishi. Ukiwa na kamera ya sensa ndogo ya Canon, ukaiweka wima, hamsini itakudai urudi nyuma karibu mita 7, na mgongo wako utakuwa umegota ukuta wa nyumba ya pili kabla hujafika nusu ya hapo. Lenzi ya milimita 24 itakudai mita 3 na kidogo, jambo linalowezekana katika vichochoro vichache tu. Lenzi ya milimita 16 inahitaji mita 2 na robo hivi, na hapo ndipo unapoupata mlango mzima, baraza zake mbili na pengine mzee aliyekaa na kahawa yake, ukiwa umemwomba ruhusa kwanza.

Sasa tazama kampuni zimempa nini mwenye sensa ndogo. Mwaka 2014 Canon ilitoa EF-S 24mm f/2.8, lenzi nyembamba yenye gramu 125 ambayo ukiivalisha kamera unaweza kuiweka ndani ya mkoba wa kawaida wa mkononi, na wengi wetu tulijifunzia kazi kwa hiyo. Kampuni hiyohiyo ilipoanza kuuza kamera za sensa ndogo za mfumo wake mpya wa kuunganisha lenzi na kamera, RF, mwaka 2022, ilizizindua na zumu mbili, 18-45mm na 18-150mm, ambazo zote huishia f/6.3 ukizivuta mpaka mwisho. Kwa f/6.3, sebuleni mwa nyumba ya Kibokoni yenye dirisha moja la mbao, utapiga picha za giza au picha za mtikisiko, uchague mwenyewe. Mwaka 2023 ikaja RF 28mm f/2.8, nyepesi na nzuri, lakini kwenye sensa ndogo milimita 28 zinakupa mwono sawa na wa milimita 45 kwenye sensa kubwa na kukurudisha palepale ukutani. Kwa hivyo nambari moja katika orodha yangu ni lenzi ya milimita 16 isiyo na zumu, iliyoundwa kwa ajili ya sensa ndogo, yenye f/2, yenye uzito usiozidi gramu 200 na bei ambayo malipo ya harusi moja yataimudu.

Jambo la pili ni hewa yetu. Anayeishi Nairobi hulihesabu jambo hili kuwa dogo, lakini hapa unyevunyevu ni adui wa mwaka mzima, na chumvi ya bahari hukufuata mpaka ndani ya kabati. Ukitoka kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi ukaingia uani, kioo cha mbele hupata jasho papo hapo, na ukikifuta kwa ncha ya leso unakipaka tu. Mbaya zaidi ni kuvu. Chukua lenzi yoyote iliyokaa mwaka mzima ndani ya mkoba kisiwani, fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, kisha ichungulie kwa mbele ukiwa umeinamisha kichwa kidogo. Kama kuvu imeingia utaona nyuzi nyeupe nyembamba zinazoanzia ukingoni mwa kioo na kutawanyika kuelekea katikati. Kuvu hiyo hutoa tindikali inayokula utando wa kioo, na ikishaula, hata fundi akisafisha vipi, alama hubaki na picha zinazopigwa kuelekea jua huwa na weupe usioondoka.

Mipira myembamba inayowekwa kwenye viungio vya lenzi kuzuia maji na vumbi haimalizi tatizo hili, kwa sababu mvuke hupita pahali ambapo tone halipiti, lakini huzuia mchanga wa Nyali na rasharasha za wakati wa kusi, na ningeiomba kabla ya kuomba hata nusu ya hatua ya mwanga. Kampuni nyingi huiweka mipira hiyo kwenye lenzi za bei ghali pekee, kana kwamba mvua huchagua. Fujifilm imeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo: 35mm f/2 ya mwaka 2015, 23mm f/2 ya mwaka 2016 na 50mm f/2 ya mwaka 2017 zote zimezibwa kwa mipira hiyo, na hakuna hata moja inayozidi gramu 200. Si za bei ya chini, lakini zinathibitisha kwamba lenzi ndogo yenye f/2 inaweza kuzibwa bila kugeuka tofali. Ningeongeza ombi ambalo sijaliona katika orodha ya mtu yeyote: lenzi ambayo fundi wa mjini anaweza kuifungua, akasafisha vioo vya ndani na kuirudisha sawasawa, bila kukutana na gundi kila anapogusa.

Wapo watakaosema kwamba kampuni hazisomi matakwa ya wapigapicha, sembuse ya Mombasa. Sikubaliani nao. Sigma ilitoa zumu ya 18-35mm f/1.8 kwa ajili ya sensa ndogo mwaka 2013, ikawa na gramu 810, na kwa miaka mingi watu wakaomba nyingine kama hiyo itakayofaa kamera zisizo na kioo cha kuakisi; mwaka 2025 ikaja 17-40mm f/1.8, ndefu kidogo kwa pande zote mbili, nyepesi kuliko ya kwanza na iliyozibwa dhidi ya vumbi na matone. Lakini ombi hufika tu pale mlango ulipo wazi. Sony iliwapa watengenezaji wengine vipimo vya msingi vya mfumo wake wa E wa kuunganisha lenzi na kamera mwaka 2011, na ndiyo maana Tamron iliweza kuleta 28-75mm f/2.8 mwaka 2018, yenye gramu 550, ambayo iliwaokoa wapigapicha wengi wa harusi wasioweza kununua zumu ya kampuni yenyewe. Wenye kamera za RF walingoja hadi Aprili 2024 ndipo Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za fokasi ya otomatiki za mfumo huo kwa idhini ya Canon, nazo zikawa za sensa ndogo. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari njema kuliko f/1.2 yoyote, kwa sababu ilituletea Sigma 18-50mm f/2.8, zumu yenye gramu 300 hivi inayofanya kazi ya ukumbini kuanzia kuingia biharusi mpaka kukata keki.

Sabini kwa mia mbili sitaikejeli. Anayepiga picha za mpira, au za majahazi yakikata mkondo, hana namna nyingine, na akiiomba iwe nyepesi nitatia sahihi pamoja naye. Ninachokataa ni kuiomba kwa ajili ya ukumbi wa Tononoka wakati bado unapiga kona za chumba kwa lenzi ya f/6.3.

La mwisho katika orodha yangu ni dogo hata naona haya kulitaja. Kikinga jua cha lenzi, kile cha plastiki kinachozungushwa mbele, kije ndani ya boksi. Canon huviweka pamoja na lenzi zake za L, zile za daraja la juu, na mnunuzi wa lenzi za kawaida hutakiwa akinunue peke yake, ilhali yeye ndiye asiye na bima, ndiye anayebanwa na watu kwenye feri ya Likoni akiwa na kamera shingoni, na jua linalomwangukia ni lilelile.