Msimfukuze mama wa getini, mwiteni kikaoni

Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu tulisomewa vyakula vya kuepuka ili watoto wasinenepe kupita kiasi: chipsi, soda, juisi za unga. Tukaitikia. Tulipotoka, watoto walikuwa wamejaa getini wakinunua chipsi na juisi hizohizo. Mzazi mmoja akasema yule mama anayeuza afukuzwe. Nilikataa, na bado nakataa. Naye ana wanawe wa kulisha, na anauza kinachonunuliwa.

Nimechoka kusikia unene wa watoto ukitupiwa mama nyumbani. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na mtoto anainunua kwa hela ya matumizi mama akiwa kazini. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Achezee wapi, wakati uwanja tuliochezea sisi umejengwa fremu za maduka?

Mji wa Somerville, jirani na Boston huko Marekani, ulianza kulishughulikia jambo hili mwaka 2002. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walikaa na walimu, wapishi wa shule, viongozi wa mji, wazazi, hata wenye migahawa. Matunda na mboga vikaongezwa kwenye chakula cha shule, na njia za kwenda shule kwa miguu zikafanywa salama. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha watoto wa madarasa ya chini hawakuongezeka uzito sana kama wenzao wa miji miwili iliyolinganishwa nao. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilipatikana bila mtoto yeyote kupewa dayati.

Kwetu, kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa wamwite yule mama. Wampe kivuli ndani ya geti, auze mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi na maji. Na mwenyekiti huyohuyo asikubali fremu nyingine kwenye kipande cha uwanja kilichobaki.

Nimeshazungumza na yule mama. Hakukataa. Aliniuliza tu, "Dada, mihogo ikilala, nani atanifidia?" Kikao kijacho nitaanza na swali lake.