Picha Nzuri, Watu Wasio na Majina: Salgado na Kambi ya Benaco

Sebastião Salgado, mpigapicha Mbrazili aliyefariki Paris tarehe 23 Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 81, alitumia muda mwingi wa maisha yake akipiga picha za nyeusi na nyeupe za wachimbaji, wenye njaa na wakimbizi. Watu wamebishana kwa miongo kadhaa iwapo ni halali kuyageuza mateso ya binadamu kuwa kitu cha kupendeza macho. Sisi wa ukanda huu tuna haki ya kuchangia, kwa kuwa mwaka 1994 alifika wilayani Ngara, mkoani Kagera, akawapiga picha wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Benaco.

Salgado hakuanza kama msanii. Alizaliwa mwaka 1944 huko Aimorés, jimbo la Minas Gerais, akasomea uchumi, na mwaka 1969 akahamia Ufaransa wakati Brazili ikiwa chini ya utawala wa kijeshi. Baadaye aliajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London, na ni kazi hiyo iliyomleta Afrika, Rwanda ikiwemo, akiwa na kamera ambayo mkewe Lélia aliinunua kwa ajili ya masomo yake ya usanifu majengo. Mwaka 1973 aliacha ajira akawa mpigapicha, lakini uchumi haukumtoka. Katika picha zake za mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, nchini Brazili, za mwaka 1986, ambako maelfu ya wanaume wanapanda ngazi wakiwa na viroba vya udongo mgongoni, anachokitafuta ni namna jasho la wengi linavyopangwa na kutumiwa, na sura ya mtu mmoja mmoja inakuja baada ya hapo.

Mwaka 1991 mhakiki Ingrid Sischy aliandika kwamba kuyapamba majanga kunamfanya mtazamaji abaki ameduwaa badala ya kuchukua hatua. Hoja hii imerudiwa mno, nami naiona dhaifu. Tungo zetu za maombolezo hufuata vina na mizani, na sijasikia mtu akidai kwamba ufundi wa mtunzi umemvunjia heshima marehemu. Tena Salgado hakuwa mtu wa kupita: katika ukame wa Sahel wa miaka ya 1984 na 1985 alifanya kazi pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, akirudi kambini mara kwa mara. Anayedai kwamba maskini apigwe picha mbaya ili aaminiwe ndiye anayepaswa kujieleza.

Hoja nzito ni ile ya mwandishi Mmarekani Susan Sontag, aliyelalamika mwaka 2003 kwamba wanyonge katika picha hizi hawatajwi majina, na kwamba uhamaji wenye sababu mbalimbali unakusanywa kana kwamba ni msiba mmoja usio na chanzo. Benaco inaonyesha uzito wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Wengi walikuwa raia waliokimbia vita, lakini miongoni mwao walikuwamo viongozi walioendesha mauaji ya Watutsi, kama Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa burugumesta (mkuu wa serikali ya eneo) wa Murambi, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2011, kikapunguzwa kuwa miaka 40 katika rufaa. Picha ya umati uliochoka, hata iwe ya huruma kiasi gani, haiwezi kututenganishia mwenye hatia na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Upande wa pili nao una lake. Jina la mkimbizi, katika mwaka kama ule, lingeweza kumfikishia adui habari zake, na hapo kumhifadhi bila jina ni kumlinda. Isitoshe, vitabu vikubwa vya Salgado viliambatana na vijitabu vya maelezo ya picha, ingawa picha ikishatundikwa ukutani au kusambazwa kwenye intaneti, kijitabu hakisafiri nayo.

Kwa maoni yangu, kosa liko katika maelezo hayo yaliyoachwa nyuma. Sidai orodha ya majina; ningeridhika na sentensi tatu chini ya kila picha ya Benaco, zikisema watu hawa walitoka wilaya gani, walikuwa wakimkimbia nani, na nani alikuwa akiwaamuru kambini. Waliokuwa wachanga pale sasa wamepita miaka thelathini, na wengine huenda wamewahi kuiona picha hiyo bila kujua kwamba kitoto kilichofungwa kwa khanga ni wao.