Mbolea ya Ruzuku Trans Nzoia: Bei Imeshuka, Gunia Linafika Lini?

Tangu Septemba 2022, serikali kuu ya Kenya ilipotangaza kwamba gunia la kilo 50 la mbolea litauzwa kwa shilingi 3,500 badala ya takriban 6,500, na mwaka uliofuata ikaishusha bei hiyo hadi 2,500, mjadala wa ruzuku umekuwa wa bei tu. Katika kaunti kama Trans Nzoia, ambako mahindi ndiyo chakula na ndiyo karo ya watoto, si ajabu.

Wanaoitetea ruzuku wana hoja nzito. Mbolea ilipopanda bei duniani mwaka 2022, mwenye ekari mbili hakuwa na pa kukimbilia ila kupunguza kipimo au kupanda bila kitu, na shamba lililopandwa hivyo huonekana mapema kwa umanjano wa majani yake. Hasara hiyo haiishii kwake, kwa kuwa unga unaoliwa mijini hutegemea sana mavuno ya ukanda huu.

Wanaoipinga husema kwamba mgao unaofuata ukubwa wa shamba humnufaisha zaidi mwenye shamba kubwa, ambaye pengine angejinunulia mwenyewe. Ni kweli, ingawa kwangu hoja hiyo si nzito kama ile ya wakati. Mvua za masika huanza Machi, na mbolea ya kupandia hutakiwa shimoni pamoja na mbegu. Mkulima aliyesajiliwa husubiri ujumbe wa simu, kisha husafiri hadi ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), na akikuta shehena haijafika hurudi mikono mitupu huku jirani yake akifukia mbegu. Nauli ya safari mbili na kodi ya pikipiki ya kubebea gunia hula sehemu ya nafuu aliyoahidiwa, na anayeumia zaidi ni yule anayechukua magunia mawili tu, kwa sababu gharama yake haigawanyiki.

Kuna pia suala la udongo, ambalo wanasiasa hulitaja kwa nadra. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana asidi, na matumizi ya DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, mwaka baada ya mwaka huiongeza. Shamba la namna hiyo huhitaji chokaa ya kilimo kwanza, la sivyo fosforasi iliyonunuliwa kwa fedha za umma hushikwa na udongo, na mmea usiifikie.

Mwaka 2024 kashfa ya mbolea duni ilitia doa mpango mzima, na serikali ikaahidi kuwafidia walioathirika. Wapo walioifanya kuwa sababu ya kufuta ruzuku. Naiona kama sababu ya kupima kila shehena kabla haijatoka ghalani.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kilimo na kuiachia serikali kuu sera, lakini ununuzi wa mbolea hii umebaki Nairobi. Ningependelea mkulima apewe vocha ya thamani ileile, aitumie kwenye duka la pembejeo lililo karibu naye, na achague mwenyewe kati ya mbolea na chokaa baada ya udongo wake kupimwa. Wenye maduka wanaweza kupandisha bei au kununua vocha kwa wakulima wenye shida, na hatari hiyo si ndogo. Ila maofisa wa kilimo wa wadi wana nafasi nzuri zaidi ya kuigundua kuliko ofisi iliyo mamia ya kilomita kutoka Kitale, makao makuu ya kaunti.